Mwanafunzi, Ziwa na Kalamu: Kezilahabi na Waandishi wa Ukerewe Wakitazamwa kutoka Remba

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza katika idara yetu aliniletea insha juu ya maisha ya kwao. Kwao ni Remba, kisiwa kidogo cha wavuvi kilichoko katika Ziwa Viktoria, mbele ya Mfangano, katika eneo ambalo siku hizi ni Kaunti ya Homa Bay. Insha ilianza kwa minazi. Ikaendelea kwa ngalawa na pepo za kusi, ikasheheni methali za bahari, na mwishoni ikamfikia nahodha mwenye kanzu. Lugha yake ilikuwa safi. Remba yenyewe ilijitokeza mara moja tu, katika sentensi ya katikati iliyomtaja mama akianika omena juu ya nyavu kuukuu. Neno "omena" nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "dagaa". Nilipomrudishia kazi yake kijana aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, minazi ambayo kwetu haipo umeipigia tiki. Omena ambayo ipo umeikata. Sasa niandike nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya yanakusudia kulitafuta, si kwa kanuni za utunzi, bali kwa kupitia historia. Swali la kijana yule si geni katika fasihi ya Kiswahili. Limewahi kuulizwa, kwa namna mbalimbali, na wanafunzi wengine waliozaliwa katika visiwa vya ziwa hilo hilo, ng'ambo ya kusini, nao wakalijibu kwa vitabu. Tunawakusudia waandishi watatu wa Ukerewe: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na, zaidi ya wote, Euphrase Kezilahabi. Dai letu ni kwamba mabadiliko makubwa ya Kezilahabi katika kuutazama uandishi, ambayo wahakiki wengi wameyaeleza kuwa ni athari ya vitabu vya Ulaya, yafaa yaelezwe kwanza kwa hali yake ya mwanafunzi aliyekikuta Kiswahili shuleni, akalazimika kujiuliza kila mara lugha hiyo aliyopewa aifanyie nini.

Yafaa tuseme neno kuhusu Remba ili msomaji asiidhanie kuwa ni kisingizio cha kuanzia makala. Kisiwa hicho ni kidogo sana kwa eneo lakini kina msongamano wa watu. Nyumba za mabati zimebanana hadi karibu na maji. Wavuvi na wachuuzi wake hutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Si mbali na hapo iko Ringiti, na pia Migingo, mwamba ambao Kenya inauhesabu katika Migori na ambao serikali za Kenya na Uganda zimeuzozania tangu muongo wa kwanza wa karne hii. Katika mtumbwi mmoja wa Remba samaki yule yule mdogo huweza kuwa omena kwa Mjaluo, dagaa kwa aliyetoka Mwanza na mukene kwa aliyetoka Uganda; na yule mkubwa huwa mbuta, sangara na mputa. Lugha inayowaunganisha watu hawa ni Kiswahili, lakini si Kiswahili cha vitabu vyetu. Kijana aliyekulia hapo huyajua majina yote matatu kabla hajajua kuandika, na maandishi ya kwanza anayoyaona yakitumika kwa dhati ni daftari la wakala: majina ya wavuvi, kilo, deni la nyavu na mafuta. Kwake kuandika ni kuweka hesabu ambayo mtu hawezi kuikana baadaye. Baadaye shule humfundisha kwamba kuandika ni jambo jingine, na kwamba makao yake ni pwani.

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya, vijana wa namna hii wamekuwa wengi katika madarasa yetu ya chuo. Historia za fasihi tunazowafundishia huanza Lamu, Pate na Mombasa, hupita Unguja na Tanga kwa Shaaban Robert, ndipo huingia "bara" kama mgeni aliyechelewa karamu. Ziwa halitajwi. Hali hiyo inashangaza, kwani Ukerewe peke yake imeipa riwaya ya Kiswahili waandishi watatu wasioweza kurukwa.

Waliotangulia

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Wamisionari wa Kikatoliki walimsomesha, wakampeleka katika seminari ya Rubya ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na huko akajifunza Kilatini pamoja na lugha nyingine za Ulaya. Elimu ile ilikusudiwa kumtoa padri. Upadri hakuupata, alirudi Ukerewe, akaoa, akaitumikia misheni kwa kazi ambazo msomi wa lugha angeweza kuzifanya. Katika elimu aliyoipokea, kuandika maana yake ilikuwa kutafsiri mafundisho yatokayo nje ili yawafikie watu wa kwao. Lakini kitabu alichokikamilisha mwaka 1945 kinakwenda upande ulio kinyume. Ni riwaya ndefu mno, iliyoandikwa kwa Kikerewe, inayosimulia maisha ya mume na mke wasiojaliwa watoto kwa muda mrefu, na kwa njia ya ndoa hiyo inaonyesha uvuvi, kilimo, pombe, uganga, adabu ya wakwe na maneno yanayopasa kusemwa mgeni anapobisha hodi. Mtu aliyefundishwa kuyaleta ya nje ndani aliamua kuyahifadhi ya ndani yasipotee.

Wachapishaji hawakukitaka kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Akiwa mzee Kitereza alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata alifariki. Kati ya kukamilika kwa mswada na kutoka kwa kitabu ilipita miaka 35. Hapo Kiswahili kilifanya kazi mbili kwa pamoja: kilikuwa mlango pekee wa kutokea, na pia kilikuwa ushuru aliotozwa mwandishi ili apite.

Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, alisomea Makerere kisha Paris. Riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru (1969), aliiandika kwa Kiingereza, kama walivyofanya wahitimu wengi wa Makerere wa kizazi chake. Mwaka 1974 alitoa Parapanda, mkusanyiko wa hadithi fupi za Kiswahili, na mwaka 1978 riwaya ya Uwike Usiwike Kutakucha. Tangu hapo utunzi wake wa kubuni aliendelea kuufanya kwa Kiswahili. Tunapozungumzia mwandishi wa Makerere aliyekiacha Kiingereza sote humtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, na kwa haki, maana alilijengea tendo lile hoja nzito na akalilipia kwa kifungo. Hata hivyo, tarehe zina lao la kusema: Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilichezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, miaka mitatu baada ya Parapanda. Ruhumbika aliondoka kimya kimya, pengine kwa sababu Tanzania ya wakati ule haikumwona mtu aandikaye Kiswahili kuwa ni mwasi. Ukimya huo umemfanya asahauliwe katika mjadala ambao alikuwa na haki ya kuwa miongoni mwa wafunguzi wake. Ni jambo la kupendeza kwamba alipokirudia Kiingereza kwa kazi kubwa, mwaka 2002, alikirudia ili kuitafsiri riwaya ya Kitereza.

Kezilahabi mwanafunzi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944. Kama Kitereza, alipitia mikononi mwa mapadri. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, na kama Kitereza hakuupata upadri. Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akahitimu mwaka 1970.

Miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Oktoba 1966 wanafunzi walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa wamefukuzwa na Rais Nyerere. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Chuoni Walter Rodney alikuwa akifundisha historia, na wanafunzi wa mrengo wa kushoto walianzisha jarida la Cheche, lililotoka mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970. Katika mazingira yale jibu la swali "kuandika ni nini?" lilikuwa tayari limekwisha kutolewa: kuandika ni silaha. Mzaha wa historia ni kwamba silaha hiyo, licha ya jina lake la Kiswahili, ilinolewa kwa Kiingereza. Ilhali mwanafunzi wa Ukerewe ambaye hakuwa msemaji wa kundi lolote alikuwa akiandika kwa Kiswahili kisa cha msichana wa Namagondo.

Rosa Mistika ilichapishwa Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya mwandishi kuhitimu. Ni kazi ya ujana wake wa chuo, na sura mbili za mwandishi zinaonekana ndani yake zikisukumana. Ya kwanza ni ya mseminari. Riwaya inaonya: baba mlevi na mkali, Zakaria, anamlinda bintiye kwa kipigo bila kumfundisha lolote kuhusu wanaume, binti anaingia shule ya sekondari, kisha chuo cha ualimu, anajikuta huru pasipo maandalizi, anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Muundo huo, wa kosa na malipo yake, wasomaji wa Kiswahili waliuzoea tangu tenzi za mawaidha. Sura ya pili ni ya mtu aliyeanza kushuku kwamba onyo halitoshi. Kadiri kisa kinavyosonga ndivyo lawama inavyomtoka Rosa na kuwaelekea waliomlea, waliomfundisha na waliomtumia, hata wenye vyeo vya elimu. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa sababu ya uwazi wake juu ya mambo ya mwili. Nadhani wazuiaji walikosea kuitambua hatari yake. Maneno machache ya chumbani yangeweza kusameheka. Lililokuwa zito ni kwamba riwaya ilikuwa imeondoa imani kwa mtu mzima anayeonya, na mtu mzima anayeonya ndiye aliyekuwa mhimili wa fasihi yetu andishi.

Inafaa pia tuangalie jambo dogo ambalo wahakiki hulipita: kisa kinaanzia Namagondo, kwa jina lake hasa. Mwandishi hakukihamishia kijiji chake pwani, wala hakukipa jina la fumbo kama zilivyo nchi za Shaaban Robert. Mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu aliamini kwamba jina la kijiji cha Ukerewe laweza kusimama katika riwaya ya Kiswahili bila kuombewa radhi. Leo hilo laonekana rahisi. Mwanafunzi wangu wa Remba hakuliona kuwa rahisi, na alikuja miongo kadhaa baadaye.

Kichwamaji (1974) ndiyo kazi ambayo badiliko lenyewe limefanywa kuwa kisa. Msimulizi, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Uamuzi huo wa kisanaa ni mzito kuliko tunavyoufundisha. Msimulizi wa Rosa Mistika bado yuko juu ya wahusika wake. Anawaona wote, anaweza kuwahukumu. Kazimoto hana pa kusimama. Yeye ndiye mwenye kosa, ndiye mwenye kuuliza, na ndiye mwenye kuandika. Elimu imempa maswali kuhusu Mungu, mauti na maana ya kuishi, lakini haikumpa mtu wa kuzungumza naye. Wasomi wenzake wametekwa na vyeo, na wazazi wake anawapenda lakini hawawezi kumfuata anakokwenda. Kisasi anachokipanga dhidi ya Manase, aliyemharibu dada yake, kinamgeukia mwenyewe, na mwisho anajitoa uhai.

Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, hasa waliosoma fasihi kwa mtazamo wa Kimarx, waliiona riwaya hii kuwa ni kukata tamaa kulikoazimwa kutoka kwa Sartre na Camus. Kwamba Kezilahabi aliwasoma waandishi hao si jambo la kubishaniwa. Lakini hoja ya uazimaji haielezi kwa nini aliazima hicho, wala haielezi kwa nini kilipata mizizi. Turudi kwenye hali ya mwanafunzi. Kijana anayetolewa kisiwani akiwa mdogo, akapewa dini kwa lugha moja, elimu ya juu kwa lugha ya pili, na siasa ya taifa kwa lugha ya tatu, huku mama yake akimpokea likizoni kwa lugha ya nne, hahitaji Sartre amwambie kwamba mtu ni mgeni katika dunia yake. Alichohitaji ni ushahidi kwamba hali hiyo yaweza kuandikwa, na ushahidi huo vitabu vya Ulaya vilimpa. Ugonjwa ulikuwa wake. Jina la ugonjwa ndilo alilolipata maktabani.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinaendeleza swali hilo katika uwanja wa Ujamaa. Hatuna nafasi ya kuzichambua hapa, ila tukumbuke kwamba katika Gamba la Nyoka wasomi vijana wanaorudi vijijini, Mambosasa na Mamboleo, ni tena wanafunzi wa jana. Mtu huyu hakuacha kuandika juu ya darasa alilotoka.

Mgogoro wa Kichomi

Mwaka ule ule wa Kichwamaji, 1974, Heinemann walichapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Katika utangulizi wake mwandishi alieleza kwamba alikusudia kutumia lugha ya kawaida, ile watu wanayoitumia wanapozungumza kila siku. Ghasia zilizofuata zinajulikana. Wanamapokeo walisema hilo si shairi, ni maneno yaliyokatwa mistari. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi kilitumiwa kama msahafu. Wanamabadiliko wakajibu kwamba vina si roho ya ushairi. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa diwani yao, wakaiita Malenga wa Bara, na baadaye Kunga za Ushairi kuitetea nadharia yao. Mulokozi ni mzaliwa wa Kagera, upande wa magharibi wa ziwa hilo hilo.

Jina Malenga wa Bara lilikuwa changamoto ya wazi. Mgogoro ule tumezoea kuufundisha kama wa fani: vina dhidi ya kutokuwa na vina, mapokeo dhidi ya usasa. Ndani yake lakini lilikuwamo swali la umiliki ambalo pande zote mbili zilisita kulitamka. Mtu asiyezaliwa katika Kiswahili ana haki gani ya kukibadilisha? Wanamapokeo waliposema kwamba vijana hawa wameshindwa kutunga kwa kanuni, ndipo wakasema kanuni hazifai, walikuwa wakisema kwamba mwanafunzi hawezi kuwa mwenye nyumba. Na yakubalike kwamba hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Ushairi wa arudhi ulikuwa umelelewa kwa karne kadhaa na watu ambao serikali za kikoloni na shule zao hazikuwahesabu kuwa wasomi. Kuambiwa na wahitimu wa chuo kwamba urithi huo ni pingu kuliwauma. Mimi mwenyewe, ambaye napenda kusoma Kichomi, siwezi kulisoma dai la kwamba vina ni kikwazo bila kuwafikiria mafundi ambao vina havikuwazuia kusema lolote.

Hata hivyo, tendo la Kezilahabi lililofuata linaonyesha kwamba hakuwa mbomoaji wa pupa. Alirudi darasani. Tasnifu yake ya uzamili, iliyokamilika mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Yule aliyeonekana kuasi alikaa miaka akimsoma mzee ambaye uasi wake ulimhusu zaidi kuliko wengine wote. Shaaban Robert aliamini kwamba neno jema likisemwa vizuri humjenga msikilizaji. Wahusika wake wengi ni maadili yaliyovikwa nguo. Kezilahabi alihitaji kujua imani hiyo ilijengwaje kabla ya kujua kwa nini yeye hakuweza kuishi ndani yake. Ndivyo inavyompasa mwanafunzi. Wengi wetu huwahimiza vijana waachane na mapokeo kabla hawajayasoma, au huwataka wayasome kwa sharti la kutoyaacha.

Wisconsin na baadaye

Badiliko la tatu lilitokea akiwa mwanafunzi tena, mtu mzima sasa, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baada yake zilikuja Karibu Ndani (1988), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Msomaji aliyemwacha Kezilahabi katika Gamba la Nyoka angeweza kudhani kwamba ameokota kitabu cha mtu mwingine. Nagona ni fupi sana, haina kijiji, haina mwaka, haina mtiririko wa visa unaoweza kusimuliwa kwa rafiki. Ina msafiri, ina paa anayetafutwa, ina wanafalsafa wa kale na wa karne za karibu waliogeuzwa wahusika. Baada ya kuandika ili kuonya, kisha kuandika ili kuuliza, mwandishi aliandika ili kuona kama lugha yenyewe inaweza kusimama pasipo madai ya kuyaeleza mambo kwa yakini.

Nakiri kwamba Mzingile humchosha mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mwalimu wake pia. Nakiri vilevile kwamba katika vitabu hivi viwili Ukerewe kwa jina haionekani tena, na kwamba hilo nililiona kwa muda mrefu kuwa ni hasara. Sasa sina hakika. Masimulizi ambamo watu hupita kati ya walio hai na wafu, na safari isiyokuwa na ramani, ni karibu na hadithi za kando ya moto kuliko yalivyo karibu na riwaya ya Uingereza ya karne ya 19 ambayo sisi walimu tumeifanya kipimo. Huenda Namagondo haikuondoka. Huenda ilihama kutoka mandhari ikaingia katika namna ya kusimulia. Hili linataka utafiti wa mtu anayekijua Kikerewe kutoka ndani, na mimi si mtu huyo.

Kuanzia mwaka 1995 Kezilahabi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Botswana. Diwani yake ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Tena Remba

Yule mwanafunzi wa omena nilimpa Kichwamaji asome wakati wa likizo, si kwa sababu nilikuwa nimepata jibu, bali kwa aibu ya kukosa jibu. Katika mwaka wake wa pili na wa tatu insha zake ziliharibika. Nasema hivyo kwa makusudi. Methali zilitoweka, sentensi zikawa fupi na zenye wasiwasi, alama zake zikashuka, na mwenzangu mmoja aliniuliza kijana amepatwa na nini. Alikuwa ameacha kuandika kwa kuniridhisha na alikuwa hajajua bado anamwandikia nani. Mifumo yetu ya kutahini haina mahali pa kuiandika hali hiyo. Ina nafasi ya kushuka tu. Nashuku kwamba tumewapoteza vijana wengi katika bonde hilo, wakarudi upesi kwenye minazi kwa kuwa minazi ina alama.

Mwaka wa nne alileta hadithi ya kurasa 11. Ilikuwa imeandikwa kama daftari la wakala wa samaki wa Remba: tarehe, jina, kilo, deni. Hakuna msimulizi anayeeleza. Mvuvi mmoja deni lake linakua wiki hadi wiki. Kisha jina la mkewe linaanza kutokea mahali palipokuwa jina lake. Kisha deni linafutwa kwa mstari mmoja, pasipo sababu, na jina la mke halitokei tena. Majina ya samaki yanabadilika kulingana na anayeuza: omena, dagaa, mukene. Niliisoma mara mbili usiku ule, na kalamu nyekundu sikuigusa hadi ukurasa wa tatu.

Katika ukurasa wa tatu palikuwa na "omena hii". Nikamwandikia pembeni kwamba samaki, mkubwa au mdogo, yuko katika ngeli ya viumbe wenye uhai, kwa hiyo "omena hawa". Aliurudisha ukurasa huo siku ya pili akiwa ameandika chini ya maneno yangu kwamba majini ni hawa, lakini ikishaanikwa na kupimwa ni mali, na mali ya Remba ni "hii". Nimewauliza wenzangu wa isimu katika idara. Wawili wako upande wangu, mmoja yuko upande wake.